Dakika 24 zilizopotea kwenye kompaila

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Taarifa za mwezi sizioni, na wanachama wameshapanga foleni dirishani. Niwaambie nini?"

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 2 Desemba 2024, saa mbili na robo asubuhi. Aliyepiga ni mhasibu wa SACCOS moja ya wakulima, mama mtu mzima ambaye kwa miaka yote tuliyofanya naye kazi hakuwahi kunipigia kulalamika. Nikamwomba nusu saa, nikaacha chai mezani, nikaingia kwenye seva.

Kazi yetu ya kufunga mwezi huanza saa 8 usiku. Hupitia salio la kila siku la kila mwanachama wa kila SACCOS tunayoihudumia, hukokotoa riba, faini na makato, halafu huandika matokeo kwenye kanzidata. Mwaka mzima ule ukokotoaji ulikuwa ukichukua saa 2 na dakika 40, pengine ikazidi dakika moja au ikapungua moja. Saa 11 kamili alfajiri bakapu (nakala ya akiba ya data) huanza, na ikishaanza hufunga majedwali mpaka imalize. Usiku ule ukokotoaji ulichukua saa 3 na dakika 4. Ulipofika mlangoni ulikuta bakapu imetangulia kwa dakika nne. Kazi ikakaa ikisubiri kufuli, na taarifa zikaanza kutoka nikiwa bado nazitazama, saa tatu kasoro dakika kumi.

Dakika 24, yaani asilimia 15. Zingeongezeka katika kazi isiyo na kitu mbele yake, nisingezigundua hadi leo.

Niliangalia yale ambayo kila mtu huangalia kwanza. Diski ilikuwa nzima, kumbukumbu ilikuwa tele, mtandao haukuhusika kwa sababu data yote husomwa kabla ya hesabu kuanza. Seva yenyewe ilikuwa ileile, haikuguswa tangu Machi. Matokeo yalikuwa sahihi mpaka senti ya mwisho, na majaribio yetu yote yalipita. Kilichokuwa kimebadilika mwezi ule, nikiyatazama mambo kwa macho ya asubuhi ile, ni kitu kimoja tu: kijana wetu mmoja aliyetoka chuo mwaka uliotangulia alikuwa ameongeza kanuni mpya ya faini ya kuchelewesha marejesho. Mistari kama arobaini.

Kwenye kikao cha saa nne nilimwambia mbele ya wenzake kwamba ameingiza kitu kizito ndani ya kitanzi, yaani sehemu ya programu inayorudiwa tena na tena, na akiondoe leo hii. Akajibu, "Sawa dada." Hakusema lingine. Jioni akaniambia ameondoa kila kitu, amejenga programu upya, na muda umebaki vilevile. Nikamwambia hajaondoa vyote. Kesho yake nikachukua mwenyewe msimbo wa Oktoba, yaani maandishi ya programu kama yalivyokuwa kabla hajayagusa, nikaujenga kwa mikono yangu (nikaupitisha kwenye kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya prosesa) na kuuendesha kwenye seva ya majaribio, ambayo ni pacha wa ile ya kazi. Saa 3 na dakika 4.

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama na kujiuliza inawezekanaje. Sikusimama. Niliamua kuwa data imeongezeka, kwa kuwa kweli wanachama walikuwa wameongezeka kidogo, nikasogeza bakapu mbele kwa saa moja, nikaendelea na mengine. Na yule kijana sikumwomba radhi, kwa kuwa moyoni nilikuwa sijamwondolea shaka.

Ninayeandika haya ndiye niliyeiandika injini hiyo ya hesabu, kwa hiyo niieleze kidogo. Kila SACCOS ina masharti yake: hawa wanatoza riba kwa salio linalopungua, wale kwa kiwango kisichobadilika, wengine wanasamehe faini msimu wa mavuno. Badala ya kuandika kila sharti ndani ya programu, nilitunga lugha ndogo ya kanuni. Kanuni hugeuzwa kuwa baitikodi, yaani maagizo madogomadogo, "soma salio", "zidisha", "linganisha", "ruka", na intapreta iliyoandikwa kwa lugha ya C huyasoma moja baada ya jingine na kuyatekeleza. Maagizo yapo 61. Kwa usiku mmoja intapreta hutekeleza mabilioni yake, hivyo namna ya kutoka agizo moja kwenda linalofuata ndiyo roho ya programu nzima.

Njia ya kawaida ni kitanzi chenye `switch` kubwa, yaani orodha ya kuchagulia msimbo wa kila agizo. Ukimaliza agizo unarudi juu, unasoma agizo linalofuata, unaruka kwenda kwenye msimbo wake. Tatizo ni kwamba miruko yote hutokea mahali pamoja. Prosesa haisubiri kujua mruko unaelekea wapi: inabahatisha kutokana na iliyoyaona nyuma, inaanza kazi mapema, na ikikosea inatupa kazi ile na kuanza upya. Simama stendi ya Mbezi Mwisho ukisie daladala linalotoka linakwenda wapi. Huwezi, yanakwenda kila upande. Lakini simama kwenye kituo kidogo cha mtaani, utapatia karibu kila mara, maana kila linalopita hapo lina njia yake moja au mbili. Ndiyo maana watunzi wengi wa intapreta, mimi nikiwamo, hutumia goto inayokokotolewa, amri ya kuruka kwenda mahali panapojulikana programu ikiwa inakimbia, ambayo kompaila za GCC na Clang zinaikubali ingawa haimo katika kiwango rasmi cha C. Kila agizo linapata mruko wake mwisho wake. Baada ya "linganisha" karibu kila mara huja "ruka kama si kweli", na prosesa hujifunza hilo haraka. Prosesa za miaka ya karibuni zimekuwa hodari hata wa kubahatisha mruko mmoja wa pamoja. Seva yetu haikuwa ya miaka ya karibuni.

Nirudi Desemba. Kijana hakukata tamaa. Bila kuagizwa na mtu, alikaa wiki mbili akihesabu ni maagizo gani hufuatana mara nyingi zaidi katika kanuni za wateja wetu, akayaunganisha mawili mawili kuwa agizo moja. Akayaita maagizo pacha. Ukokotoaji ukashuka hadi saa 2 na dakika 36. Nilifurahi sana. Nikamwandikia mkurugenzi kwamba tumeongeza kasi ya injini kwa asilimia 15, sentensi ile ikaingia kwenye taarifa ya mwaka, na kwenye chakula cha kufunga mwaka kijana akapigiwa makofi.

Wiki ya pili ya Januari akaja mezani kwangu na laptopu imefunguliwa.

"Dada, una nafasi? Nataka kukuonyesha kitu, naomba tu usikasirike."

Alikuwa anasafisha flashi yake akakuta faili ya injini ya Oktoba, ile iliyokwisha kukompailiwa, aliyoinakili kipindi anajifunza mfumo. Akaiweka kwenye seva ya majaribio akaipa data ya Novemba. Kwenye kioo palikuwa na mistari miwili:

injini_okt: 2:40
injini_okt_iliyojengwa_upya: 3:04

Data ileile na seva ileile. Msimbo ulikuwa uleule herufi kwa herufi, nilithibitisha mwenyewe. Tofauti ya faili hizi mbili ilikuwa tarehe ya kujengwa.

Nikakaa kimya kwa muda, halafu nikakumbuka. Wiki ya pili ya Novemba tulisasisha mfumo endeshi wa mashine ya kujengea programu, na toleo jipya la kompaila likaja nao. Hakuna aliyeliandika kwenye daftari la mabadiliko, kwa sababu daftari lile ni la seva za wateja, na seva za wateja hazikuguswa. Nilipochukua msimbo wa Oktoba na kuujenga upya nilidhani nimerudisha programu ya Oktoba. Nilikuwa nimetengeneza programu mpya kabisa, yenye maneno ya zamani.

Tuliketi wote wawili tukazifungua faili zile kwa `objdump`, chombo kinachoonyesha maagizo ya prosesa yaliyomo. Sikuwa na haja ya kusoma maelfu ya mistari. Nilitafuta neno moja tu, `jmp *`, ndiyo miruko ambayo anwani yake hujulikana programu ikishaanza kukimbia. Kwenye faili ya Oktoba, ndani ya intapreta, ilikuwapo 61. Kwenye ile iliyojengwa upya ulikuwapo mmoja. Kila agizo lilimaliza kazi yake kisha likaenda pale pamoja. Kompaila ilikuwa imechukua vituo vyangu 61 vya mtaani ikavirudisha vyote Mbezi Mwisho, bila onyo wala ujumbe. Tulipoendesha `perf`, chombo cha kupima mwenendo wa prosesa, idadi ya mara ambazo prosesa ilibahatisha vibaya ilikuwa imepanda mara kadhaa.

Kijana aliuliza swali zuri: kwa nini kompaila ifanye hivyo, na mimi niliandika wazi ninachotaka? Jibu nililipata kwa kusoma, na likabadilisha jinsi ninavyozichukulia kompaila. Mwanzoni mwa kazi yake, kompaila huikusanya miruko hiyo mahali pamoja kwa makusudi. Ikiiacha, kila agizo litakuwa na njia ya kwenda kwa kila agizo jingine, na 61 mara 61 ni karibu 3,700. Kwenye intapreta yenye mamia ya maagizo, njia zinakuwa makumi ya maelfu, na kila hatua ya uchambuzi inalemewa. Kwa hiyo huikusanya, hufanya uchambuzi wake, na karibu na mwisho huinakili tena kila mahali. Kunakili huko kuna gharama pia, kwa sababu zipo programu ambazo kompaila hujikuta inameza kumbukumbu na kukaa muda mrefu mno. Watunzi wakaweka kikomo: njia zikizidi kiasi fulani, usinakili. Ni uamuzi wa busara kwa wale uliokusudiwa kuwasaidia. Kwa intapreta, kikomo hicho kiliivunja mbinu nzima.

Na jaribio linaloangalia jibu pekee haliwezi kulikamata kosa la namna hiyo, kwa sababu jibu ni sahihi. Kompaila ikitoa jumla isiyo sahihi, mtu atapiga kelele siku hiyohiyo. Ikitoa jumla sahihi kwa kuchelewa, lawama itatua kwa aliyekuwa karibu. Kwetu ilitua kwa kijana wa miaka ishirini na minne.

Machi mwaka huo nikasoma habari iliyonifanya nimwite tena tuisome pamoja. Februari 2025 watunzi wa CPython, intapreta kuu ya lugha ya programu ya Python, waliingiza namna mpya ya kutoka agizo moja kwenda jingine kwa ajili ya Python 3.14. Kila agizo linakuwa fanksheni yake, yaani kipande cha msimbo kinachojitegemea, na mwisho wake inaiita fanksheni inayofuata bila kurudi nyuma. Vipimo vilionyesha faida ya wastani wa asilimia 10 hadi 15. Kwa programu ambayo watu wamekuwa wakiikwangua kwa miaka mingi wakitafuta asilimia moja moja, hiyo ni faida kubwa mno, na ulimwengu wa Python ulishangilia.

Kisha mhandisi wa programu, Nelson Elhage, akakaa kuchunguza faida ile inatoka wapi. Alikuta kwamba Clang 19, iliyotolewa Septemba 2024, ilikuwa na kikomo cha aina hiihii, na CPython ya kawaida ilikuwa imekipita. Miruko yake ilikuwa imekusanywa bila kurudishwa. Namna mpya ilikuwa inashindanishwa na namna ya zamani iliyofungwa miguu. Alipoilinganisha na CPython iliyojengwa kwa Clang 18 au kwa GCC, faida ilishuka hadi kati ya asilimia 1 na 5.

Kinachoniuma katika kisa kile ni kwamba walipima kwa uangalifu. Namna mpya ilihitaji uwezo ambao Clang haikuwa nao kabla ya toleo la 19, hivyo wakajenga zote mbili kwa kompaila hiyohiyo. Ndivyo sote tunavyofundishwa: badilisha kitu kimoja, vingine viache vilevile. Waliviacha vilevile, na kitu walichokiacha ndicho kilichokuwa kibovu upande mmoja tu wa mizani. Ken Jin, aliyeiongoza kazi ile, aliomba radhi hadharani kwa matokeo yaliyotangazwa, na maelezo ya Python 3.14 yakarekebishwa kusema asilimia 3 hadi 5. Namna mpya haikutupwa. Ina faida nyingine, mojawapo ni kwamba haimtegemei mtu kuombea kikomo kisiguswe.

Nilipomaliza kusoma nikamwambia kijana, "Twende tukapime yako sawasawa."

Tulikuwa na vipimo vitatu, tukakosa cha nne: maagizo pacha yaliyojengwa kwa kompaila ya zamani. Tulirudisha toleo la zamani kwenye mashine ya kujengea, tukaacha kazi usiku, asubuhi tukasoma saa 2 na dakika 26. Basi kazi yake iliipunguza injini kutoka dakika 160 hadi 146, asilimia 9 hivi. Zile 15 nilizomwandikia mkurugenzi zilitokana na kuanzia kwenye dakika 184 zilizokuwa ugonjwa. Na tofauti ina sababu inayoeleweka. Maagizo pacha hupunguza idadi ya miruko, na mruko ukiwa ghali, kuupunguza kunalipa zaidi. Kompaila mbovu iliikuza faida yake, kama ilivyoikuza ya CPython. Lakini asilimia 9 zilikuwa zake kweli, alizipata kwa kuhesabu na kufikiri, na hakuna kompaila itakayomnyang'anya.

Katika kusoma huko nilikutana pia na kisa cha 2014 ambacho bado nakifikiria. Mtu alibadilisha aina ya kihesabio cha kitanzi kutoka biti 32 hadi 64 katika programu inayohesabu biti, na kasi ikashuka karibu nusu. Chanzo kilikuwa agizo `popcnt` kwenye prosesa za Intel za wakati ule. Lilisubiri thamani ya zamani ya rejista (nafasi ndogo ya kushikia namba ndani ya prosesa) ambayo lilikuwa linakwenda kuifuta, kusubiri kusikokuwa na maana yoyote, na kompaila hazikulijua hilo. Badiliko lile dogo lilizifanya zipange rejista kwa namna nyingine, kusubiri kukajipanga kwenye mnyororo, na programu ikazama. GCC ikaja kuongezewa agizo dogo la kuisafisha rejista kwanza. Ukiongeza agizo, programu inakimbia zaidi. Nilimwonyesha kijana, akataka kujaribu usiku uleule kwenye laptopu yake.

Nilikwenda kwa mkurugenzi na karatasi yenye namba nne. Sikufurahia safari ile ya hatua ishirini. Nilimweleza kwamba sentensi ya taarifa ya mwaka si sahihi, na kwamba aliyeligundua hilo ni kijana mwenyewe, aliyekuwa na kila sababu ya kunyamaza maana makofi yalikuwa yake. Taarifa ikarekebishwa. Kisha kwenye kikao cha saa nne, palepale nilipomlaumu, nikasema mbele ya wenzake wote kwamba Desemba nilimshutumu kwa kosa lisilo lake, kwamba alinijibu kwa adabu nami sikumsikiliza, na kwamba namwomba radhi. Akasema, "Yameisha, dada." Sauti ilikuwa tofauti na ile ya "sawa dada" ya Desemba, na niliisikia.

Tulivyobadilisha utaratibu si vingi. Kila faili inayokwenda kwa wateja inahifadhiwa, na toleo la kompaila pamoja na vibendera vyake (mipangilio inayopewa wakati wa kujenga) vinaandikwa ndani yake. Mashine ya kujengea ina daftari lake la mabadiliko. Kompaila mpya ikija, msimbo ambao haujaguswa unajengwa kwa zote mbili, na zinakimbizwa kwa data ya mwezi uliokwisha. Kijana ameandika skripti ya mistari kumi na miwili inayohesabu `jmp *` ndani ya intapreta na kukataa kuendelea zikiwa pungufu ya maagizo. Watu hunishauri tufunge toleo moja la kompaila daima. Sikubaliani nao, kwa sababu matoleo mapya huja na marekebisho ya makosa mabaya kuliko uchelewaji. Tunasasisha, ila tunapima kabla.

Bakapu nimeirudisha saa 11 alfajiri. Mwezi uliofuata nilimpigia mama mhasibu saa mbili asubuhi kumuuliza kama taarifa zimefika.

"Zimefika tangu alfajiri, mwanangu. Nimeshazichapisha. Kwani kuna shida?"